Muhuri wa ubora na nyufa za kuta zetu: Nani alipe?

KWA miaka mingi sasa jiji la Dar es Salaam limekuwa likimwagikia Mkoa wa Pwani. Aliyekosa kiwanja Tabata au Kimara huvuka Kibamba akaingia Kibaha. Aliyeshindwa na bei za Ukonga na Gongo la Mboto hupanda vilima vya Pugu akatokea Kisarawe. Kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, na kuanzia Kisarawe mjini kuelekea Maneromango, nyumba mpya zinachipua kama uyoga.

Wengi wa wajenzi hawa hawajengi kwa mkopo wa benki. Hujenga kwa kiinua mgongo, kwa fedha za upatu, kwa faida ya genge la mboga au ya bodaboda. Leo matofali mia, mwezi ujao mifuko mitano ya saruji, mwakani bati. Nyumba moja humaliza miaka minane, pengine kumi. Kwa mtu wa namna hii nyumba ndiyo akiba yake ya uzeeni, ndiyo bima yake ya maradhi, na ndiyo urithi pekee atakaowaachia watoto.

Sasa tuchukue mfano. Mtu huyo amehamia. Masika ya kwanza yamepita salama. Masika ya pili bati aliloambiwa ni la geji 28 limeanza kuota kutu na kutoboka. Linta juu ya dirisha imeshuka. Ukuta wa tofali unamomonyoka chini kama biskuti iliyoloweshwa kwenye chai. Akienda dukani anaambiwa mzigo ule ulikwisha zamani. Akimtafuta fundi, fundi anamlaumu mwenye duka. Akienda halmashauri anaulizwa: Kwani sisi ndio tuliokuuzia?

Swali la kujiuliza hapa ni hili: Je, ni kweli Serikali haihusiki? Au kuna mahali ambapo wajibu wake unaanza, na sisi wananchi hatujui mahali hapo ni wapi?

Si kila ufa ni wa kiwandani

Ndugu msomaji, kabla ya kumnyooshea mtu kidole ni lazima tutende haki. Zipo nyufa zinazotokana na udongo. Udongo wa mfinyanzi hupanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi mfupi itapasuka hata kama saruji yake ni bora kuliko zote. Zipo nyufa zinazotokana na fundi: aliyechanganya zege kwa maji mengi ili liwe laini kumwagika, au aliyeacha kulimwagilia maji katika siku saba za mwanzo, wakati zege huendelea kukomaa na nguvu yake hupimwa ikifikisha siku 28. Na zipo nyufa zinazotokana na sisi wenyewe, tunaponunua tofali kwa sababu tu ni la bei ya chini. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Lakini ukishaondoa hizo zote, inabaki nyumba ya mtu aliyefanya kila kitu kama inavyotakiwa, akauziwa kitu ambacho sicho. Huyu ndiye tunayemzungumzia.

Udanganyifu unavyofanyika

Chukua nondo. Nondo halisi ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 hivi kwa kila mita. Ya milimita 10 ina gramu 617 hivi. Ukitazama kwa macho, tofauti ya milimita mbili ni ndogo kama kipande cha kiberiti. Lakini kwa uzito, na kwa hiyo kwa chuma kinachobeba nyumba, tofauti ni karibu theluthi moja. Mtu akiuziwa nondo ya milimita 10 na nusu kwa jina la 12, ameibiwa karibu robo ya chuma alichokilipia, naye hajui mpaka siku nguzo itakapoinama.

Chukua bati. Katika hesabu ya geji, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko 32. Ni wanunuzi wangapi wanaolijua hilo? Na hata anayelijua, ana kifaa gani cha kupima unene usiofika hata nusu milimita? Kilichobaki ni kuamini maandishi yaliyogongwa kwenye bati. Maandishi yakidanganya, mnunuzi amekwisha.

Chukua saruji. Mfuko umeandikwa kilo 50 na daraja la nguvu, 32.5 au 42.5. Namba hizo zinaeleza nguvu inayotakiwa kufikiwa baada ya siku 28, na hakuna mama wa Visiga wala mzee wa Masaki anayeweza kuzipima jikoni kwake. Zinapimwa kwa mashine maabara.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Upo ubovu ambao mnunuzi anaweza kuuona, kama ufa kwenye tofali au madonge kwenye saruji iliyopata unyevu. Huo ni juu yake. Lakini upo ubovu usioonekana kwa macho, na ni kwa ajili ya huo hasa ndipo dola zilipoweka wakaguzi.

Muhuri maana yake nini?

Tanzania ilitunga sheria ya kuanzisha chombo cha viwango mwaka 1975, chombo ambacho leo tunakiita Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 ikakiongezea meno. Kwa bidhaa zinazotoka nje, tangu mwaka 2012 kuna utaratibu wa kuzikagua huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Kwa upande wa ushindani na ulinzi wa mlaji ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC. Wahandisi na makandarasi wana bodi zao zilizoundwa kwa sheria za mwaka 1997. Halmashauri ndizo zinazotoa vibali vya ujenzi. Upo pia Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao mizizi yake ni kitengo kilichoanzishwa mwaka 1971.

Kwa hiyo hatuwezi kusema nchi haina vyombo. Vipo, na kila kimoja kina ada yake. Mwenye kiwanda hulipia leseni ya kutumia alama ya ubora. Mwagizaji hulipia ukaguzi. Mjenzi hulipia kibali. Na gharama zote hizo mwishowe huingizwa katika bei ya mfuko wa saruji, juu yake kodi ya ongezeko la thamani. Anayelipa mwisho wa yote ni yule mwenye genge la mboga.

Hoja yetu ni nyepesi. Anayepokea ada ya ukaguzi amepokea na dhamana ya ukaguzi. Haiwezekani muhuri uwe na thamani siku ya kulipiwa, halafu usiwe na thamani siku nyumba inapopasuka.

Kanuni hii si ngeni kwetu. Katika miji ya Kiislamu ya karne zilizopita alikuwepo muhtasib, ofisa wa dola aliyezunguka sokoni akikagua mizani, vyakula na kazi za mafundi, na waashi na wauza chokaa walikuwa miongoni mwa waliokaguliwa. Asili yake tunaijua: Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha kilicholowa chini ya kikavu. Hakumwambia mnunuzi kuwa alipaswa kuchimbua lundo mwenyewe. Mwenye mamlaka ndiye aliyeingiza mkono.

Yaliyotokea kwetu

Tukitazama historia ya nchi yetu tutakuta Serikali imekwisha kujibu swali hili mara kadhaa, ila kwa majibu yanayopishana.

Aprili 29, 2009 maghala ya silaha ya kambi ya jeshi Mbagala yalilipuka. Februari 16, 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto, mlangoni kabisa mwa Kisarawe. Watu zaidi ya 20 walikufa katika kila tukio, na nyumba nyingi za raia ziliharibika. Serikali ilituma wathamini, ikalipa fidia. Wapo waliolalamika kwamba walipewa kidogo na wapo waliosubiri mno. Lakini msingi ulikubalika: mali iliyoharibu ilikuwa ya Serikali, kwa hiyo Serikali ilipe.

Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu 17 walifariki na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, nyingi zikiwa za tofali zisizo na nondo. Mwanzoni mwa Januari 2017 Rais John Magufuli alipofika huko alieleza wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, bali itarejesha miundombinu ya umma kama shule na zahanati. Wengi waliumia kwa kauli ile, lakini nayo ilikuwa na msingi wake: tetemeko halikuletwa na Serikali.

Baina ya Mbagala na Kagera ndipo lilipo jambo letu. Bati bovu halikutoka ghala la jeshi, wala halikutoka tumboni mwa ardhi. Lilitoka kiwandani au bandarini, likapita mbele ya mkaguzi, likapewa ruhusa. Kundi hili halina jibu mpaka leo.

Tulipoteza nafasi ya kulipata jibu mwaka 2013. Machi 29 ya mwaka huo jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Miongoni mwa walioshitakiwa walikuwemo pia watumishi wa halmashauri, si wajenzi peke yao. Maana yake, dola yenyewe ilikiri kwamba mkaguzi asiyekagua anaweza kuwa sehemu ya kosa. Lakini mjadala ukaishia kwenye jinai, nani afungwe. Swali la nani alipe na kwa mfuko upi halikuwekewa utaratibu. Novemba 16, 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda tume. Tume ni jambo jema, lakini kwetu tume huja baada ya maiti. Nyumba ndogo ya Kisarawe inayopasuka polepole bila kuua mtu haiundiwi tume.

Wenzetu wamefanyaje?

Huko Ireland, katika majimbo ya Donegal na Mayo, maelfu ya familia waligundua kuta zao zinapasuka na kumomonyoka. Uchunguzi ulionyesha kuwa matofali ya zege yalitengenezwa kwa kokoto zenye madini mabaya. Kanuni zilikuwepo, wananchi walilalamika kwamba usimamizi ndio haukuwepo. Mwaka 2020 Serikali ilifungua mpango wa kulipa asilimia 90 ya gharama. Wananchi wakasema hiyo asilimia 10 iliyobaki hawana, na mwaka 2021 maelfu wakaandamana Dublin. Sheria mpya ya mwaka 2022 ikakubali ruzuku kamili, ikiwa na ukomo wa euro 420,000 kwa nyumba.

Katika jimbo la Connecticut, Marekani, misingi ya nyumba ilianza kubomoka kwa sababu kokoto za machimbo fulani zilikuwa na madini yaitwayo pirotaiti, ambayo yakikutana na maji na hewa huvimba na kulipasua zege kwa ndani. Makampuni ya bima yaligoma kulipa. Jimbo likaunda mfuko maalumu ulioanza kupokea maombi mwaka 2019, sehemu ya fedha zake ikitokana na tozo ya dola 12 kwa mwaka katika bima ya kila nyumba.

Na huko New Zealand, ambako nyumba zilivuja na mbao zisizotiwa dawa zikaoza ndani ya kuta, mpango wa mwaka 2011 uligawa mzigo: Serikali Kuu robo, halmashauri iliyotoa kibali robo, mwenye nyumba nusu.

Ni kweli hizo ni nchi tajiri. Lakini tusiangalie kiasi, tuangalie kanuni. Hakuna hata mmoja aliyesema mwenye nyumba abebe yote peke yake kwa kuwa kiwanda kimefilisika au muuzaji hapatikani.

Sheria inasemaje?

Katiba yetu, ibara ya 8, inataja ustawi wa wananchi kuwa lengo kuu la Serikali, na ibara ya 24 inalinda haki ya mtu kumiliki mali. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali ya mwaka 1967 inaruhusu Serikali kushitakiwa kwa madhara yaliyosababishwa na watumishi wake, kwa sharti la kuipa notisi ya siku 90. Aidha, Sheria ya Ukomo inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara na miaka sita kwa madai ya mkataba. Hivyo anayekaa kimya akisubiri kudra anaweza kuikuta haki yake imekwisha muda.

Je, mahakama zinaweza kuibana halmashauri kwa ukaguzi mbovu? Huko Uingereza majaji waliwahi kusema ndiyo mwaka 1977, kisha wakageuka mwaka 1990. Lakini katika kesi ya mji wa Invercargill, New Zealand, iliyoamuliwa mwaka 1996, mahakama ya juu ya rufaa ya nchi hiyo, iliyokuwa ikikaa London, ilikubali kwamba halmashauri ilipaswa kulipa, kwa kuwa mkaguzi wake aliupitisha msingi mbovu na wananchi wa huko wana desturi ya kutegemea ukaguzi wa halmashauri. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu hizo, lakini mlango haujafungwa pia.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema: Mwenye kosa ni mfanyabiashara, alipe yeye. Sawa kabisa, na awe wa kwanza kulipa. Lakini akiwa ametoweka? Hapo ndipo aliyempa ruhusa anapoingia, akishalipa amfuate mwenyewe. Serikali ina mkono mrefu wa kumtafuta. Mjane wa Kongowe hana.

Watasema pia: Wengi wamejenga bila kibali wala mhandisi. Hili ni kweli na tusilifunike. Aliyejenga bila kibali hawezi kuidai halmashauri ukaguzi ambao hakuuomba. Lakini bado alinunua bati lenye alama ya ubora, na alama haikuandikwa kuwa ni ya wenye vibali tu.

Watasema tena: Serikali haina fedha, na nyumba ni nyingi, itazijuaje? Ajabu ni kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo mijini hukatwa kupitia umeme wa LUKU. Kwa hiyo nyumba zetu zinajulikana moja moja kwa namba ya mita. Ikiwa nyumba inaonekana siku ya kudaiwa, haiwezi kugeuka isionekane siku ya kuanguka. Na kuhusu fedha, tozo ndogo kwa kila tani ya saruji na nondo, pamoja na faini za wanaokamatwa na bidhaa hafifu, vingeanzisha mfuko. Leo bidhaa hafifu ikikamatwa huteketezwa, nasi hupigiwa makofi kwenye televisheni. Aliyekwisha kuinunua na kuijengea hafikiriwi.

Nini kifanyike?

Kwa upande wa Serikali tunaomba mambo matatu. Kwanza, mfuko wa fidia kwa nyumba zilizoharibiwa na vifaa vilivyopitishwa na wakaguzi wake, wenye kiwango cha juu kinachojulikana na tume ndogo ya wataalamu ya kutenganisha ufa wa udongo, wa fundi na wa kiwandani. Pili, kila bidhaa hafifu inapokamatwa, itangazwe hadharani ni mzigo upi na uliuzwa wapi, ili aliyeununua ajue. Tatu, halmashauri za Kibaha na Kisarawe, zinazopokea wajenzi kila siku, ziweke mizani na vipimo vya unene mahali pa wazi, mwananchi apime nondo na bati bure kabla ya kujenga. Mizani haihitaji msaada wa wafadhili.

Kwa upande wetu, tuache kujenga kwa mdomo. Dai risiti ya mashine kwa kila mzigo, iwe imeandikwa aina na kipimo. Piga picha maandishi yaliyo kwenye mfuko na kwenye bati. Pima nondo moja kati ya kumi. Kama ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 haikaribii kilo 10 na nusu, irudishe. Hifadhi kipande cha kila kitu. Ukiona dalili, andika barua TBS na FCC, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, na ugongewe muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ndiyo itakayokusemea kabla miaka mitatu haijapita. Tena msiende mmoja mmoja. Walionunua mzigo mmoja katika mtaa mmoja waende pamoja, na diwani awemo, kwani wa Donegal walisikilizwa walipokuwa maelfu.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliogopa kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq kwa sababu hakumtengenezea njia, ilhali yeye yuko Madina. Kutoka Dodoma hadi Kibaha si mbali kiasi hicho, na waliomo ndani ya kuta hizi si wanyama. Wahenga nao walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Masika hayangoji. Madiwani wa Kibaha na Kisarawe walichukue jambo hili katika vikao vyao vya bajeti, na wabunge wa Pwani walifikishe Dodoma.